Mama Mkwe na Waya wa Nyuma

Mtaani walimwita Mwalimu, lakini hakufundisha hesabu wala historia. Alifundisha watu kuendesha gari. Gari lake la kazi lilikuwa dogo, jeupe, lenye breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine ya kwake, upande wa abiria. Kazi ile ilimfanya awe mtu wa kukanyaga. Hata akiwa kwenye kochi anatazama mpira, mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia kila wachezaji wawili walipokaribia kugongana. Mkewe alishazoea. Zulia halikuzoea, lilikuwa na tundu la ukubwa wa kisigino.

Mtu huyu, aliyeishi kwa kuwaonya wenzake wasikurupuke, siku moja akakurupuka akajipatia mashua.

Ilikuwa mashua ndogo ya tanga, ya mbao, iliyokuwa imekaa kwenye banda kando ya ziwa mpaka panya wakaiona ni yao. Katikati ilikuwa na kijumba cha kukaa watu wawili wanaopendana, au watatu wenye haraka ya kutoka. Ndani ya kijumba mlikuwa na kimlango cha mbao, na nyuma yake kichumba cha mbele chenye kitanda chembamba. Mlingoti ulisimama juu ya paa la kijumba, juu kabisa ya kimlango kile, kama mtu aliyesimama mezani kubadilisha balbu. Ulishikiliwa na nyaya: mmoja wa mbele, wa pembeni wawili, na mmoja wa nyuma, ulioshuka kutoka kileleni hadi kwenye tezi, pale nyuma anapokaa mwenye kushika usukani.

Kuiendesha alijifunza kwa kuuliza. Ila kwa kuwa alikuwa mwalimu, aliuliza kwa namna ya kufundisha, hivyo hakujibiwa mengi.

Tatizo lake kubwa, au lile alilokubali kulitaja, lilikuwa waya wa nyuma. Ulishuka katikati ya tezi, sawasawa na kisogo chake. Kila mashua ilipogeuka naye akahama upande, waya ulimkwangua. Ulishamvua kofia kadhaa na kuzitosa ziwani, na mkewe alikwisha kusema kwamba samaki wa ziwa lile sasa wanavaa vizuri kuliko yeye. Tena waya ulikuwa na urefu ule ule siku zote, upepo uwepo usiwepo. Upepo ulipokuwa mwingi, tanga lilifura kama shavu la mtu mwenye jino bovu, likaisukuma mashua ubavu badala ya kuipeleka mbele. Mwalimu alikwenda ziwani kama kaa, huku akiwapungia mkono watu wa gatini kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Jirani yake pale gatini alikuwa daktari wa meno. Mashua ya Daktari ililingana na ya kwake, lakini waya wake wa nyuma ulipofika chini uligawanyika mara mbili, kama suruali, mguu mmoja ukaenda kona hii ya tezi na mwingine kona ile. Juu ya miguu hiyo kulikuwa na kapi mbili za kuteleza, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, na kamba yenyewe. Ukiivuta kamba, kapi zinashuka, miguu inabanwa kukaribiana, waya mzima unakazika, kilele cha mlingoti kinapinda kidogo kuja nyuma, na tanga linanyooka. Ukiiachia, vyote vinarudi. Na pale katikati, kisogo cha mtu kinabaki huru.

“Kumbe ni rahisi,” Mwalimu akasema, neno ambalo kwa wanafunzi wake alilipiga marufuku.

Jumamosi iliyofuata alikwenda peke yake gatini na spana, bisibisi na moyo mkunjufu. Alifungua pini ya waya wa nyuma kabla hajajiuliza kitu gani kingeushika mlingoti baada ya hapo. Mlingoti ukaanza kuinama kwenda mbele, taratibu, kwa adabu, kama mzee anayesinzia mkutanoni. Mwalimu alikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia. Haikusaidia. Akairukia kamba ya kupandishia tanga, iliyofungwa kileleni, akaivuta kuja nyuma kwa uzito wake wote, na mlingoti ukasimama.

Sasa akawa ameshika kamba, lakini pa kuifungia palikuwa mbali kidogo na mkono wake. Akinyoosha mkono, mlingoti unainama. Akiurudisha mlingoti, mkono haufiki. Akasimama hivyo hivyo. Watu waliopita gatini walimsalimia, naye akaitikia salamu akiwa ameegemea nyuma kidogo, kama mtu anayeota jua. Hatimaye Daktari akaja na mfuko wake wa chakula.

“Mwalimu, unapunga upepo?”

“Kidogo tu.”

“Na hiyo kamba?”

“Ninaizoea.”

Daktari akaitazama kamba, akautazama mlingoti, akautazama waya uliolala sakafuni.

“Daktari,” Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, “kama una nafasi, nifungie. La sivyo nitazeekea hapa.”

Daktari akaingia akaifunga, bila kucheka. Kazi yake ilimzoesha kutocheka mbele ya mtu aliyebaki mdomo wazi.

Waya ulipelekwa nyumbani ukalazwa juu ya meza ya jikoni, ncha moja ikining'inia karibu na sinki, nyingine ikichungulia sebuleni. Wakati huo mama mkwe wake alikuwa amekuja kukaa nao, baada ya kufanyiwa upasuaji wa jicho. Alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mwenye miwani nyeusi aliyopewa hospitali, na hakuwa msemaji. Tangu Mwalimu aoe, mazungumzo yao yalikuwa ni shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za kazi, nzuri, alhamdulillahi. Baada ya hapo kila mmoja alitafuta kitu cha kutazama ukutani. Mwalimu, aliyewapigia kelele madereva wa malori, mbele ya mama yule alipungua sauti mpaka mkewe akawa anamuuliza kama anaumwa koo.

Lakini siku ile aliulizwa swali la fani yake mpya.

“Na huo waya ni wa nini?” mama akauliza kutoka kwenye kiti chake kando ya dirisha.

Mwalimu akafunguka. Alichukua chupa ya mafuta ya kupikia ikawa mlingoti, vijiko vikawa miguu ya waya, kitambaa cha vyombo kikawa tanga. Alieleza upepo, alieleza shavu la jino bovu, alieleza jinsi ambavyo watu wengi hawaelewi mambo haya kwa sababu hawatulii. Mkewe, aliyekuwa anahitaji ile chupa ya mafuta, alisimama na kikaango mkononi akingojea somo liishe.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. “Ukiuvuta kuja nyuma, kule juu kunapinda.”

“Ndiyo, mama.”

“Na kule chini?”

“Chini hakuendi popote, mama. Chini ni chini.”

“Haya,” akasema mama, akageukia dirisha.

Baadaye Mwalimu alipokuwa akisimulia kisa hiki, na alikisimulia kwa yeyote aliyesimama karibu naye muda wa kutosha, alikuwa akifika kwenye hilo “haya” anajipiga kofi la paji la uso. Anasema hajawahi kusikia neno fupi lenye nafasi kubwa namna ile ya kuuliza zaidi, na yeye akalipita kama taa nyekundu.

Fundi wa magrili wa mtaa wa pili alimkatia kibati cha chuma cha pembe tatu, chenye matundu matatu: la juu la waya mkuu, ya chini ya miguu miwili. Miguu Mwalimu aliipima mwenyewe, kwa futi ya kushonea ya mkewe, akiwa na uhakika wa mtu aliyepima maegesho maisha yake yote. Mguu mmoja alianza kuupima kwenye sifuri. Wa pili alianzia kwenye ncha ya pili ya futi, iliyokuwa imekatika, jambo ambalo mkewe alilijua na yeye alikuwa hajawahi kuambiwa, kwa sababu hajawahi kuuliza. Fundi akazibana ncha za nyaya kwa mashine yake, barabara, zisifunguke tena milele.

Mwalimu alipoufunga waya mahali pake, mlingoti ukawa unatazama kushoto, kama mtu anayengojea teksi.

“Ndivyo ulivyotaka?” akauliza Daktari kutoka mashua ya pili.

“Natafuta nafasi yake,” akajibu Mwalimu. Akaitafuta hiyo nafasi mchana kutwa, mpaka akatia skrubu ya kukazia kwenye mguu mfupi, ile ya kuzungusha katikati ili ncha mbili zikaribiane au ziachane. Akazungusha, mlingoti ukanyooka.

Zikabaki kapi. Alizifunga kama za Daktari, akavuta kamba, akaona inamlemea. Mtu mwingine angesema ndivyo inavyotakiwa kulemea. Yeye akaongeza kapi. Ikawa nafuu, lakini bado alitoa jasho, akaongeza nyingine. Mwisho kamba ikapita huku ikarudi kule, ikazunguka, ikarudi tena, mpaka nguvu ya kidole kimoja ikafanya kazi ya wanaume watatu. Alimwita mkewe aje aone. Mkewe akavuta kwa kidole kidogo, akasikia mbao zikiguna mahali fulani, akaiachia.

“Imeguna,” akasema.

“Inakaa sawa,” akasema mumewe.

Mama alikuwa ameanza kuchoka kukaa ndani. Daktari wa macho alimruhusu kutoka, mradi asivue miwani na asikae sana penye mwanga mkali. Mkewe Mwalimu akapendekeza waende wote ziwani Jumamosi, wakae kidogo majini, wale matunda, warudi. Jumamosi ilipofika, mkewe akapigiwa simu na duka la dawa alikofanya kazi: mwenzake ameamka na homa.

“Nendeni tu ninyi,” akasema, akifunga viatu. “Mama, usiogope, anaendesha polepole.”

Hapo palikuwa na nafasi ya mtu mzima kusema, basi tuahirishe. Lakini mama alikuwa ameshashika mkoba wake, na Mwalimu akachukua funguo za gari.

Walitoka gatini salama. Walizungumza habari za kazi, wakazimaliza kabla ya boya la kwanza. Upepo ulikuwa mdogo, maji yanametameta, na baada ya muda mama akasema mwanga unamchoma jicho, ataingia ndani alale kidogo. Akainama, akapita kijumbani, akaingia kile kichumba cha mbele, akafunga kimlango kwa sababu kilikuwa kinapigapiga.

Upepo ukaongezeka. Mashua ikalala ubavu na tanga likafura. Mwalimu akatabasamu peke yake, akaishika kamba yake mpya. Akavuta kidogo, tanga likanyooka. Akavuta tena, mashua ikajiinua ikachapa mwendo. Furaha ikampanda kichwani. Kamba ilikuwa laini, nyepesi, inakuja yenyewe kama maziwa yanayomiminwa, naye akaendelea kuikaribisha. Mbao ziliguna. Akadhani nazo zimefurahi.

Ndipo akasikia hodi. Ilikuwa hodi ya adabu, kutoka ndani.

“Mwanangu.”

“Naam, mama.”

“Kimlango kimekataa.”

“Sukuma kwa nguvu kidogo, mama.”

“Nimesukuma.”

Mwalimu akataka kwenda, lakini nani ashike usukani? Akaliachia tanga lipepee, mashua ikapunguza mwendo. Akautafutia mkono wa usukani kitu cha kuufungia asipate, akavua mkanda wa suruali akaufunga kwa huo. Akaingia kijumbani amepinda mgongo, akashika kitasa cha kimlango, akavuta. Kitasa kikang'oka kikabaki mkononi mwake.

Akakitazama. Jasho likamtoka hata nyuma ya masikio. Mama mzazi wa mkewe, aliyetoka kwenye upasuaji, alikuwa amefungiwa ndani ya sanduku, katikati ya ziwa, na aliyemfungia alikuwa yeye, mtu mwenye cheti cha usalama barabarani kilichotundikwa sebuleni. Akaanza kuchokoa kwa bisibisi. Mbao ikachubuka, kimlango hakikutikisika hata unywele.

“Mama, sogea pembeni, nataka nikipige teke.”

“Usipige teke kitu chochote,” akasema mama kutoka upande wa pili. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. “Kaa chini.”

“Mama, mimi...”

“Kaa chini kwanza. Umekaa?”

Akakaa sakafuni. “Nimekaa.”

“Pumua. Ingiza. Toa. Tena.”

Mwalimu akapumua, ameshika kitasa kifuani. Aliambiwa tena, akapumua tena. Katika maisha yake alikuwa ametoa amri hiyo kwa mamia ya watu walioshika usukani mikono ikitetemeka, na hakujua kwamba inasaidia kweli.

“Sasa nisikilize,” mama akaendelea. “Mimi nimekaa mbele ya milango iliyokataa kwa miaka mingi. Kilichokuwa ndani kilitoka. Mara nyingi aliyekuwa na hali mbaya ni baba aliyesimama nje. Kimlango hiki mara ya mwisho kilifunguka lini?”

“Ulipoingia, mama.”

“Tangu nimeingia umefanya nini?”

“Hakuna, mama. Nimeendesha tu. Upepo umeongezeka, nimekaza kidogo.”

“Umekaza nini?”

“Ule waya. Wa nyuma.”

“Kidogo ni kiasi gani?”

Mwalimu akageuza shingo akatazama nje. Kamba yote iliyotakiwa kuwa kwenye kapi ilikuwa imelala sakafuni, rundo zima, kama tambi sahanini.

“Yote, mama,” akasema.

“Basi chini kumekwenda mahali,” akasema mama. “Kumekuja hapa. Dari imenikaribia tangu nilale, nikadhani ni jicho.”

Hapo ndipo Mwalimu alipoelewa, kwa mara ya kwanza, kitu alichokuwa amekifundisha kwa chupa ya mafuta. Waya ukivuta kilele cha mlingoti kuja nyuma na kushuka chini, mlingoti nao unasukuma kitako chake chini. Kitako hicho kilikuwa juu ya paa la kijumba. Paa lilikuwa limekikalia kimlango.

Akatoka mbio. Akaisahau suruali. Bila mkanda, suruali nayo ikaanza safari yake ya kushuka. Akaidaka kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaifungua kamba, akailegeza pole pole, kapi zikapanda, waya ukapumua. Mbao ziliguna tena, safari hii kama mtu anayetua mzigo. Nyuma yake akasikia tak, na kimlango kikafunguka chenyewe.

Alipogeuka mama alikuwa ameshatokeza kichwa, viatu mkononi, miwani nyeusi usoni. Mbele yake alisimama mkwe wake, ameshika suruali kwa mkono mmoja, kamba kwa mwingine, na kitasa ameking'ata kwa meno, kwa sababu mikono ilikuwa imekwisha.

“Bahati yako,” akasema mama, “macho yangu bado hayajapona.”

Akaanza kucheka. Mwalimu hakuwa amewahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko cha ndani, kinachoanzia tumboni, kinachotikisa mabega kabla ya kutoka. Mwalimu akatoa kitasa mdomoni, naye akacheka mpaka akalazimika kukaa, jambo ambalo pia lilisaidia upande wa suruali.

Walirudi gatini wakizungumza. Mama alimweleza juu ya akina baba waliozimia mlangoni kwake, na mmoja aliyejifungia chooni mpaka mtoto akamaliza kunyonya. Mwalimu alimweleza juu ya siku aliyofeli mtihani wa udereva, yeye mwenyewe, mara mbili, habari ambayo hata mkewe hakuwa nayo.

Jioni, mkewe alipoingia tu, kabla mama hajafungua mdomo, Mwalimu alimaliza kisa chote kwa pumzi moja. Alijua kikisimuliwa na mtu mwingine kitakuwa kibaya zaidi. Akajikuta amekifanya kibaya zaidi yeye mwenyewe, akaongeza kwamba aliita msaada kwa sauti ya mbuzi, jambo ambalo halikutokea.

“Na mlango?” akauliza mkewe.

“Mzima.”

“Na mama?”

“Niko hapa,” akasema mama, akimenya chungwa. “Jumamosi tunakwenda tena.”

Mwalimu aliondoa kapi za ziada, akabakiza zile za mwanzo. Kamba sasa ikawa inalemea, naye akaishukuru kwa kulemea. Akafunga uzi mwekundu pale ambapo kimlango kilianza kugoma, na hakuvuta kupita hapo. Mama ndiye aliyekabidhiwa kamba. Alikaa kwenye kona ya tezi na miwani yake, akisikiliza zaidi kuliko kutazama. Upepo ukiongezeka alikaza bila kuambiwa, akigonga paa kwa fundo la kidole kuona kama kuna malalamiko. Upepo ukipungua alilegeza. Muda wake wa kurudi nyumbani kwake ulifika, akasema jicho bado halijatulia. Ukafika tena, akasema hivyo hivyo. Daktari wa macho alikwisha kumruhusu kusoma gazeti.

Jumamosi ya mwisho kabla hajaondoka upepo ulivuma vizuri. Walimkuta Daktari wa meno katikati ya ziwa, wakamfikia, na mama akavuta kamba kiasi cha nusu kiganja. Mashua ikajiinua, ikapita. Ilikuwa mara ya kwanza Mwalimu kumpita mtu yeyote majini. Aligeuka nyuma kumpungia Daktari mkono, akapunga kwa unyenyekevu wa uongo, akapunga tena kwa ukweli, na akaendelea kutazama nyuma, kitu ambacho mwanafunzi wake angekifanya wangerudia somo tangu mwanzo.

Wakaingia kwenye matete kwa mwendo mzuri kabisa. Mashua ikasimama, ndege wakaruka, na Mwalimu akajikuta amekanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kwa nguvu zake zote.

Mama akaitazama kamba mkononi mwake, akautazama mlingoti, akagonga paa kwa kidole.

“Hapa,” akasema, “waya haukuhusika.”

Wakashuka kwenye matope kusukuma, na Daktari akawapita taratibu, akiwa na sura ile ile ya kazini.